Mlezi wa jioni si mwalimu wa twisheni

Wazazi wengi wanaoniletea vijana wao hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wana ombi moja: mfundishe Kiswahili upesi, mtihani umekaribia. Ninawaelewa. Familia imehama kutoka Kitwe, Karonga au Lubumbashi, biashara ndiyo kwanza inajikongoja, na mtoto wa miaka 14 ameingizwa katikati ya mwaka kwenye darasa lililojaa. Lakini kazi tunayofanya kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, ya kumkutanisha kila kijana na mlezi wake, si twisheni, na mzazi anayetaka twisheni ninamwelekeza kwingine.

Kiswahili cha kuongea huja chenyewe. Mbeya haimwachi mtu bubu. Kwenye bajaji, sokoni, uwanjani, mwaka hauishi kijana anatania kama mzawa. Hapo ndipo watu wazima tunapojidanganya. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada aliyechunguza watoto wa wahamiaji, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo hushikwa kwa miaka 2 hivi, ila lugha ya vitabuni, ile ya kueleza sababu na kujenga hoja, huweza kuchukua miaka 5 hadi 7. Na sisi tuna mkorogo wetu wa ziada. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kisha mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo ambalo hata sekondari linafundishwa kwa Kiswahili. Basi utamkuta kijana wa Zambia anasoma kitabu cha Baiolojia bila shida kuliko wenzake wote, halafu somo la Kiswahili likifika kwenye ushairi anabaki anatazama dirishani. Mwalimu anauliza: mbona nje anaongea vizuri tu? Mvivu huyu.

Wanaoumia zaidi, kwa ninavyoona, si wale wasiojua Kiswahili kabisa. Ni wa Lubumbashi, wanaokuja nacho. Kiswahili chao cha Kongo ni lugha kamili ya nyumbani, wamelelewa nayo, na hicho ndicho darasa zima linachokicheka. Asiyejua neno huvumiliwa. Anayejua kwa namna nyingine anaigizwa hadi anaacha kunyoosha mkono. Ndiyo maana chumbani kwetu hakuna kumsahihisha mtu katikati ya sentensi. Amalize kwanza.

Sasa mlezi anafanya nini? Mara nyingi, vitu vidogo ambavyo hakuna mwalimu aliyepangiwa kuvifundisha. Chukua saa. Nakonde ya Zambia na Tunduma yetu zinatenganishwa na geti la mpaka tu, lakini saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza, ukimwambia kipindi cha ziada ni Jumamosi saa tatu, atakuja alasiri. Msichana mmoja alifika shuleni kwake wakati huo, sare imepigwa pasi, akakuta mlinzi peke yake. Jumatatu akaadhibiwa kwa utoro, na hakuwa na maneno ya kujitetea. Mlezi wake, mwanachuo, alimchorea saa mbili nyuma ya daftari, moja ya kwao na moja ya kwetu, akamfanya ataje saa za siku nzima: kuamka, paredi, mapumziko, kurudi nyumbani. Jioni moja ikatosha.

Au hesabu. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika 2,5 pale sisi tunapoandika 2.5. Jibu ni sahihi, anapigiwa kosa, anaamini hesabu zimemshinda. Kisha kuna shikamoo na nani anayestahili, namna ya kuomba ruhusa, kiranja anaandika majina ya nani na kwa nini.

Mlezi hatoi alama, si ndugu, na haripoti kwa mzazi kila anachoambiwa, isipokuwa penye hatari kwa mtoto. Hilo tunamwambia kijana siku ya kwanza mbele ya mzazi wake. Mlango unabaki wazi na mtu mzima wa pili yupo wakati wote. Na asiyeweza kuahidi mwaka mzima simpokei. Watafiti wa Marekani Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu jambo hili: vijana waliodumu na mlezi wao mwaka au zaidi ndio waliofaidika zaidi, na uhusiano uliovunjika mapema kabisa uliwaacha baadhi yao wakijiamini kidogo kuliko mwanzo. Mtoto aliyekwisha kuacha marafiki ng'ambo ya mpaka hahitaji mtu mwingine wa kupotea. Wanachuo wakienda likizo ndefu, tunapanga siku maalumu ya kupiga simu.

Kuna jambo linaloniudhi, niseme wazi. Kijana akishajua Kiswahili, nyumbani anageuzwa mkalimani wa kila kitu: mwenye nyumba, benki, hospitali. Kumsaidia mama kununua viazi ni sawa. Lakini mvulana wa miaka 15 asiwe ndiye wa kumtafsiria mama yake majibu ya vipimo. Tafuteni mtu mzima. Jirani, mtu wa kanisani au msikitini. Tukiombwa, sisi tunatafuta.

Wala msiwakataze lugha ya nyumbani. Kule Kyela, mtoto anayevuka mto Songwe kutoka Karonga na Kingonde chake anaelewana na Wanyakyusa siku hiyohiyo, na hujiamini upesi kwa sababu ana mahali pa kuanzia.

Mwisho, vyeti. Mwenye matokeo ya sekondari ya Zambia, Malawi au Kongo na anataka kuingia Kidato cha Tano, lazima Baraza la Mitihani, NECTA, liyalinganishe kwanza na ya hapa. Msisubiri hadi nafasi zitangazwe. Njooni na vyeti halisi na nakala zake, na kama jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la shule, anzeni na hilo.