Kuhamia Tabora hakumpeleki mtoto Tabora Boys

Nimeulizwa tena juzi, na safari hii na mtumishi wa umma anayejua vizuri Serikali inavyopanga mambo yake: "Mwalimu, nimepata uhamisho kuja Tabora. Kijana wangu yuko Kidato cha Kwanza. Pale Tabora Boys nimuone nani?"

Hakuna wa kumuona. Tabora Boys na Tabora Girls ni shule za vipaji maalumu, kundi moja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Wanafunzi wao wa Kidato cha Kwanza huchaguliwa kutoka nchi nzima kwa alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto wa Cheyo hana haki ya ziada pale kumshinda mtoto wa Newala. Hata ukipanga nyumba ukuta kwa ukuta na bweni lao, mtoto wako atatafutiwa nafasi shule ya kutwa kama wenzake. Kwamba Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia mwaka 1937 ni fahari ya mji wetu, ila hiyo haimsaidii mtoto anayehamia leo. Mlango mwingine upo, nao ni Kidato cha Tano: Tamisemi inapopanga wanafunzi kwenye tahasusi, yaani michepuo ya masomo, mtoto wa shule ya kata aliyefanya vizuri anaweza kujikuta Tabora Boys. Huko nako anwani ya mzazi haihesabiwi.

Nalisema kwa ukali kwa sababu nimeona linavyowagharimu watoto, na tangu ujenzi wa reli ya SGR ulete familia nyingi huku, nalisikia mara kwa mara zaidi. Mzazi anafika Januari na matumaini yake, anaambiwa haiwezekani, anakata tamaa, anamwingiza mtoto shule yoyote yenye nafasi. Muda ambao angeutumia kulinganisha shule za kutwa za Isevya, Ipuli na Ng'ambo kaumalizia kutafuta namba ya simu ya mkubwa fulani. Na hizo za kutwa ndizo atakazochagua, na zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Ukisikia mtu anasema "shule za kata zote sawa", ujue hajawahi kukaa na matokeo yao mezani.

Kila Januari simu zinajaa orodha za "shule bora za mkoa". Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022. Watu wakaendelea kujitungia za kwao. Ubaya wa orodha hizo ni kwamba zinaweka shule iliyochaguliwa watoto wenye A tupu kwenye mstari mmoja na shule inayompokea kila mtoto aliyefaulu katani. Anayepewa mchele uliokwisha kuchambuliwa hasifiwi kwa wali kukosa mawe. Swali la mzazi anayehama ni moja: shule hii inawafanyia nini watoto wa kawaida inaowapokea?

Kabla ya kulijibu, naomba mnivumilie kwenye neno "ufaulu", maana hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mkuu wa shule anasimama kwenye kikao cha wazazi: "Ufaulu wetu ni asilimia 96." Makofi. Sasa twende kwenye hesabu. Kidato cha Nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Divisheni I ni pointi 7 hadi 17, II ni 18 hadi 21, III ni 22 hadi 25, IV ni 26 hadi 33, na 34 na 35 ni sifuri. Mchukue mtoto mwenye D mbili na F tano. D mbili ni 8, F tano ni 25, jumla 33. Divisheni IV, amefaulu. Na D inaanzia alama 30. Kwa hiyo mtoto aliyepata 30 ya Kiswahili na 31 ya Uraia, mengine yote akaanguka, yumo ndani ya ile asilimia 96 sawasawa na aliyepata pointi 7. Kidato cha Tano haendi, maana kule wanataka C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu. Hata ndani ya divisheni IV yenyewe kuna watoto wa aina mbili: mwenye C mbili na D tano ana pointi 26, na huyo ni mtoto aliyefundishika, aliyekosa pointi moja tu kuingia III. Wote wawili wanaitwa "foo", yaani divisheni IV, na majirani.

Kwa hiyo ukitajiwa ufaulu, usiandike. Jumlisha I, II na III, gawa kwa idadi ya waliofanya mtihani, na ufanye hivyo kwa miaka mitatu. Mwaka mmoja haukuambii kitu, hasa kwa shule ndogo.

Kuna na GPA ya kituo, yaani wastani wa madaraja ya shule nzima. Wazazi waliosoma vyuo vikuu wanaisoma kichwa chini miguu juu. Chuoni 5 ndiyo kileleni. Kwenye ukurasa wa matokeo ya Baraza, A ni 1 na F ni 5, kwa hiyo GPA ndogo ndiyo nzuri. Nimemkuta baba mwenye shahada akiikataa shule ya 3.4 na kuipenda ya 4.1. Hakuna aliyemwambia.

Ukishamaliza hapo, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa shule. Kuna jedwali la masomo ambalo karibu kila mzazi huliacha: somo, waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu. Mimi naanzia hapo. Angalia Fizikia wamefanya wangapi. Shule yenye watahiniwa 95 na sita tu wa Fizikia imeshakwambia kwamba mtoto wako mwenye ndoto ya udaktari au uhandisi atasukumwa sanaa akifika Kidato cha Tatu, kwa sababu mwalimu hayupo au hatoshi. Kisha angalia Hisabati. Usitegemee maajabu, maana kitaifa ni robo hivi ya watahiniwa wanaofaulu somo hilo. Lakini shule ya kutwa inayopitisha theluthi moja ya watoto wake kwenye Hisabati mwaka baada ya mwaka ina mwalimu anayefanya kazi, na nitampeleka mtoto hapo hata kama ua lake limebomoka.

Kipimo ninachokiamini zaidi watu hawakitumii kabisa, na kinataka karatasi na kalamu tu. Matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili nayo huwekwa wazi shule kwa shule. Chukua idadi ya waliofanya upimaji Novemba 2022, kisha idadi ya waliofanya Kidato cha Nne Novemba 2024. Ni kundi lilelile la watoto. Tuseme shule ya kwanza ilikuwa na watoto 160 Kidato cha Pili, wakafika 90 Kidato cha Nne, na 45 wakapata I hadi III. Shule ya pili ilikuwa na 110, wakafika 104, na 44 wakapata I hadi III. Kwa hesabu ya kawaida ya kwanza ina asilimia 50 na ya pili 42, na kwenye orodha za mtandaoni ya kwanza iko juu. Lakini ukigawa kwa watoto walioanza nao, ya kwanza inashuka hadi asilimia 28 na ya pili inabaki 40. Watoto 70 wa shule ya kwanza wako wapi? Hilo ndilo swali la kumuuliza mkuu wa shule ukiwa umekaa ofisini kwake, kwa heshima, ukimpa nafasi ya kueleza.

Na maelezo yanaweza kuwepo. Wasiofikia alama za upimaji hukariri Kidato cha Pili, kwa hiyo baadhi wamerudi nyuma tu. Wengine wamehama na wazazi. Wengine wameacha kabisa, na jedwali halitenganishi hao na hao. Kipimo changu kina kasoro hiyo na sijui dawa yake zaidi ya kuuliza. Kasoro nyingine ni kubwa zaidi na haina dawa hata ya kuuliza: matokeo ya Januari yameletwa na walimu waliofundisha miaka minne iliyopita. Mwalimu wa Hisabati akihamishwa Machi, jedwali litaendelea kumsifia kwa muda mrefu. Na hata mimi niliyeshika taaluma miaka mingi siwezi kutazama C ya Kemia nikajua kama imetoka darasani au kwenye twisheni ya jioni mtaani.

Ndiyo maana lazima uende shuleni kwa miguu yako. Nenda siku ya kawaida ya masomo, saa nne au saa tano asubuhi. Kwenye shule nyingi kiranja wa darasa hubeba daftari la vipindi. Mwalimu akiingia anaandika alichofundisha na kusaini. Omba kuliona la Kidato cha Pili kwa mwezi uliopita. Ukikuta safu ya Hisabati ina saini Jumatatu, kisha nafasi tupu hadi Jumatatu ya pili, huna haja ya kusoma takwimu nyingine. Ukiweza, mwombe mwanafunzi yeyote akuonyeshe daftari lake la Hisabati. Tafuta kalamu nyekundu. Zoezi la mwisho lilisahihishwa lini? Masahihisho aliyarudia? Daftari hilo moja lina ukweli kuliko hotuba ya bodi ya shule. Halafu uliza ikama: walimu wa sayansi na Hisabati ni wangapi, na kati yao wangapi ni wa ajira ya Serikali na wangapi wa kujitolea. Wa kujitolea wapo wanaofundisha vizuri sana, lakini wakipata ajira kwingine wanaondoka katikati ya muhula, na hawana kosa.

Kama kituo chako cha kazi si manispaa bali Urambo, Kaliua au Sikonge, fanya ziara hiyo Februari au Machi. Huo ni wakati wa kuvuna na kukausha tumbaku. Pita kwenye ubao wa takwimu mbele ya ofisi, pale wanapoandika waliosajiliwa na waliohudhuria leo. Shule inayowashikilia watoto wake darasani Machi imefanya kazi kubwa na wazazi, na kazi hiyo itamlinda na mtoto wako.

Ada haipo tangu Januari 2016. Zile 20,000 za kutwa na 70,000 za bweni ziliondolewa. Uliza kuhusu chakula cha mchana, kwa sababu mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri na kula saa kumi jioni hasomi chochote baada ya saa saba. Uliza pia umbali, na uupime wakati wa mvua. Kutoka mitaa ya pembeni kama ya Ndevelwa au Kakola, njia ya kiangazi si njia ya masika. Kama shule nzuri iko mbali kiasi kwamba binti atalazimika kupanga chumba peke yake mtaani, basi kwake shule hiyo si nzuri. Chagua iliyo karibu au yenye hosteli.

Kuhusu uhamisho wenyewe: nafasi kwanza, lori la mizigo baadaye. Shule unayoitaka ikubali kwa maandishi kwamba ina nafasi, mkuu wa shule anayotoka aridhie, ofisi za elimu za pande zote mbili zipitishe, na kumbukumbu za mtoto kwenye mfumo wa PReM nazo zihame. Barua ya mwajiri wako inaeleza sababu ya kuhama, haitengenezi dawati. Tangu 2024 zipo shule zilizoanza mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, kwa Kidato cha Kwanza. Kama mtoto alianza huko, hakikisha shule mpya ina fani ileile, la sivyo atafika na kuanza upya.

Na kama yuko Kidato cha Pili au cha Nne na ameshasajiliwa kwa mtihani, namba yake ya mtihani ni ya shule ile aliyosajiliwa. Msimhamishe. Kwa wa Kidato cha Nne nawasihi hasa: mwacheni kwa shangazi au kwa familia mnayoiamini, tumeni hela ya matumizi kila mwezi, afanye mtihani wake Novemba, kisha apande treni awafuate.