Si kila muwasho ni aleji

Wiki hii ni mara ya tatu. Mgonjwa anaingia kitengo cha kusafisha damu na bahasha ya Piriton mkononi: huko dukani kaambiwa anawashwa kwa sababu mwili "unaikataa mashine". Mzee wa watu anasinzia tangu asubuhi, na katika usingizi huohuo anajikuna.

Haya. Aleji ya mashine ipo, sikatai. Lakini hiyo huja dakika za mwanzo tu ukishaunganishwa: kifua kinabana, presha inaporomoka, mwili unavimba mabaka. Hapo tunasimamisha mashine, hatuulizani. Muwasho wa figo zilizoshindwa kazi ni mwingine kabisa. Vipele hauna, ila alama za kucha. Unashika mwili pande zote mbili, mgongo hasa, na usiku ndipo unapochachamaa. Histamini, kemikali ya mwili inayowasha kwenye aleji na ambayo Piriton huizuia, si mhusika mkuu hapa. Ndiyo maana Piriton inakulaza tu, na muwasho unakungoja uamke.

Nilikuwa na mzee aliyekuja na mwiko wa ugali. Mkono wa fistula, ule wenye mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, umetulia na sindano zake mbili, mwingine unakwangua mgongo kwa muda wa saa nne.

"Mzee wangu, unaogea nini?"

"Sabuni ya dawa, sista, na dodoki. Maji ya moto. Nitoe uchafu."

Uchafu gani! Ngozi yenyewe imekauka kama gamba, tezi za jasho zimesinyaa, nawe unaiparua. Tukahamia maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto, mafuta ya mgando kabla mwili haujakauka. Hakupona, ila mwiko ulirudi jikoni.

Na fosforasi, yale madini ya kwenye chakula yanayolaumiwa kwa muwasho huu? Ishusheni, mifupa na mishipa inawahitaji: punguzeni dagaa na soda nyeusi, na vidonge vya kalsiamu mezeni pamoja na chakula, si tumbo tupu. Lakini nisiwadanganye. Ninao wenye fosforasi ya kutisha wanaolala fofofo, na yupo mmoja mwenye vipimo vizuri anayejikuna hadi damu. Vitabu vinaandika kama hesabu imekamilika, haijakamilika. Na anayekuja mara mbili kwa wiki badala ya tatu kwa kukosa pesa, nimpake krimu gani?

Dawa inayosaidia wengi ni gabapentini, kidogo sana, mara nyingi miligramu 100 baada ya mashine. Msiazime ya jirani mwenye ganzi ya miguu! Figo ndizo huitoa mwilini. Kwa dozi yake utapepesuka na kuongea usiyoyajua. Marekani tangu 2021 wana difelikefalini, sindano ya mwisho wa kipindi. Mimi sijaishika.

Halafu kuna upele wa kawaida, ule wa katikati ya vidole. Nimewahi kuupita. Miezi miwili nikilaumu fosforasi ya mgonjwa wangu, mpaka siku mkewe, aliyekaa benchi akimsubiri, naye akaanza kujikuna.