Dawa ya kontrasti kwenye altrasaundi: jinsi mirija ya uzazi inavyoonekana

Mwanamke anayetafuta mtoto anatoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, anapigwa altrasaundi, anapewa karatasi iliyoandikwa kuwa kizazi kiko sawa na mayai yapo. Anarudi akiamini mirija nayo imeshaangaliwa. Haijaangaliwa. Altrasaundi ya kawaida huona vizuri mji wa mimba na vifuko vya mayai, ila mrija wa uzazi ulio mzima hauonekani. Una urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, ni mwembamba, umejikunja jirani na utumbo, na kwenye skrini vyote hivyo ni kijivu kimoja. Ukiona mrija unaonekana wenyewe bila msaada, mara nyingi ni mgonjwa: umevimba na kujaa maji.

Dawa ya kontrasti ni kimiminika au povu lenye viputo vidogo sana vya gesi, linaloingizwa kupitia mlango wa kizazi. Mashine hutuma mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi wake. Maji matupu hayarudishi mwangwi, ndiyo maana huonekana meusi. Sauti ikikuta gesi ndani ya maji hurudi kwa nguvu, na mahali hapo panang'aa. Kwa hiyo daktari hauoni mrija wenyewe. Anaona kinachopita ndani yake. Inaitwa dawa, lakini kazi yake ni kuonyesha, si kutibu.

Namna rahisi kuliko zote ni maji ya chumvi ya hospitali yaliyotikiswa na hewa kwenye bomba la sindano. Yanafaa, ila viputo hupotea upesi. ExEm Foam, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni jeli inayochanganywa na maji safi kwa kusukumwa huku na huku kati ya bomba mbili za sindano mpaka inakuwa povu zito. Povu hilo hukaa dakika kadhaa, muda wa kutosha kuangalia pande zote mbili. Ipo pia SonoVue, yenye viputo vya gesi ya salfa heksafluoridi, lakini hiyo inataka mashine yenye programu yake maalumu.

Kipimo hufanywa damu ya hedhi ikishakatika na kabla yai halijapevuka. Mwenye ujauzito, anayetoka damu au mwenye maambukizi ya nyonga hapimwi. Mama analala kama anavyolala kwa kipimo cha shingo ya kizazi, mrija laini wa plastiki unapitishwa, kisha kipimio cha altrasaundi kinawekwa ukeni. Dawa inasukumwa polepole, kidogo kidogo. Kwenye skrini weupe unaanza ndani ya mji wa mimba, unafika kwenye pembe yake, halafu, kama njia ipo, unatoka mstari mwembamba unaopindapinda kuelekea kwenye kifuko cha mayai na kumwagika kukizunguka. Maumivu yake hufanana na tumbo la hedhi, na wengi hushauriwa kumeza dawa ya maumivu kabla.

Dawa isipopita, usilie bado. Mrija una misuli, na misuli hiyo inaweza kujibana kwa maumivu au kwa dawa kusukumwa kwa haraka, ikaonekana kama umeziba kumbe uko wazi. Daktari makini husubiri, hujaribu tena, na jibu likibaki lilelile anaweza kuagiza HSG, yaani kipimo cha mirija kwa eksirei, au upasuaji wa tundu dogo, ambapo rangi ya buluu hupitishwa kwenye mirija huku kamera ikiangalia kwa ndani. Ninasisitiza hili kwa sababu karatasi yenye neno "imeziba" ndiyo inayowapeleka watu sokoni Mwanjelwa kununua chupa za "kuzibua mirija". Makovu ya klamidia, kisonono, kifua kikuu cha kizazi au maambukizi baada ya mimba kuharibika hayayeyuki kwa kinywaji.

HSG, ambayo wengi wanaijua zaidi, hutumia eksirei na dawa yenye madini ya joto. Povu halina mionzi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha njia hizi mbili, na wanawake waliofikia kujifungua walikaribiana kwa idadi, iwe matibabu yao yaliongozwa na povu au na HSG. Kwa hiyo asiyepata povu karibu naye hajapoteza kitu kikubwa. Na njia zote mbili huonyesha uwazi tu. Hazionyeshi kama vinyweleo vya ndani vinavyolisukuma yai bado vinafanya kazi.

Si kila mahali penye altrasaundi pana dawa hii au mtu aliyezoea kuisoma, hivyo piga simu uulize kabla ya kupanda basi toka Makambako au Mafinga. Na baba apime mbegu kwanza: ni kikopo tu, hakuna mrija wa plastiki.