Je, wajua kwa nini mfugaji wa Iowa alilipwa kwa nguruwe ambaye hakumuuza?

Aprili 2020 nyama ilianza kuadimika madukani Marekani, na bei yake ikapanda. Wakati huohuo huko Iowa, jimbo linaloongoza nchini humo kwa ufugaji wa nguruwe, mabanda yalikuwa yamejaa wanyama wasio na mnunuzi. Inakuwaje mlaji alipe zaidi, na mfugaji apate kidogo?

Mkwamo ulikuwa katikati yao, machinjioni. Humo wafanyakazi husimama bega kwa bega, na korona ilipoingia ilisambaa upesi. Kiwanda cha kampuni ya nyama ya Smithfield mjini Sioux Falls, Dakota Kusini, kilifungwa katikati ya Aprili. Kile cha Tyson mjini Waterloo, Iowa, kikafuata siku chache baadaye. Nguruwe wa kisasa hufugwa kwa ratiba kali. Akifika miezi kama sita anapaswa kuondoka, kwa sababu banda lake linasubiriwa na kundi jingine. Akicheleweshwa huendelea kula na kunenepa, hadi anapita ukubwa ambao kiwanda kinaweza kupokea. Wapo wafugaji waliolazimika kuwaua wanyama wenye afya njema na kuwafukia, huku watu mijini wakipanga foleni za chakula cha msaada.

Tarehe 17 Aprili, Wizara ya Kilimo ilitangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua chakula cha kuwagawia wahitaji. Maombi yalianza kupokelewa 26 Mei kwenye ofisi za wizara zilizo katika kaunti.

Wizara ilikubali kwamba hasara haikuwa kwa waliouza kwa bei ya kutupa peke yao. Mnyama aliyebaki bandani naye alikuwa ameshuka thamani, na chakula chake kilizidi kugharimu. Kwa hiyo kila nguruwe aliyekuwapo bandani kati ya 16 Aprili na 14 Mei alilipiwa dola 17, na kila ng'ombe dola 33. Waliokwisha kuuzwa kabla ya hapo walikuwa na viwango vyao.

Hesabu hiyo ni rahisi, na ndiyo sababu fedha zilitoka haraka. Lakini ilipima idadi ya vichwa, haikupima shida ya mtu. Mwenye nguruwe 50 alipata dola 850. Mwenye 10,000 alipata dola 170,000. Kikomo kiliwekwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, ila kampuni yenye wanahisa watatu wanaoshiriki kazi ya shamba iliweza kufika 750,000. Mwaka 2021 Waziri wa Kilimo, Tom Vilsack, alisema kati ya karibu dola bilioni 26 za msaada wa korona zilizotolewa kwa jumla, pamoja na awamu iliyofuata, wakulima Weusi walipata milioni 20.8 tu.

Linaloniuma zaidi ni la wafugaji wa mkataba, ambao ni wengi Iowa. Banda ni la mfugaji, mkopo wa banda ni wake, jasho ni lake, lakini nguruwe ni mali ya kampuni. Kwa kuwa malipo yalimfuata mwenye mnyama, yeye aliyebaki na banda tupu na deni benki hakuwa na cha kudai. Ilibidi Bunge lipitishe sheria Desemba 2020 ndipo wizara ikaruhusiwa kuwalipa watu hao kwa kipato walichopoteza.