Kizuri chajiuza? Si kwenye filamu

Juzi nimeambiwa tena. Dada mmoja alitaka muvi ya kuangalia nyumbani na mama yake, nikamtajia Kati Kati. Akaitafuta kwenye simu, kisha akanijibu: "Kaka, mbona hata siijui? Ingekuwa nzuri ningeshaisikia. Kizuri chajiuza."

Kazi yangu ni kuchagua filamu, na methali hiyo nimerushiwa mara nyingi mno. Inafaa kwa embe na samaki, maana mnunuzi anabonyeza, ananusa, anaamua. Filamu huibonyezi. Kabla haijakufikia, lazima mtu alipie: anunue haki za kuionyesha, atengeneze trela, abandike mabango. Na haki zenyewe zinauzwa kwa nchi na kwa muda. Inaweza kununuliwa kwa ajili ya Ulaya, sisi tukabaki hatuna mnunuzi. Mkataba ukiisha inaondolewa mtandaoni, hata kama wapo wanaoililia. Hapo ubora wa filamu umeingiaje?

Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2016. Sasa ukisema haijulikani, niambie haijulikani wapi! Inaanza na msichana, Kaleche, anazinduka porini bila kumbukumbu yoyote. Mbele anaona loji, wenyeji wanampokea vizuri, halafu wanamweleza kwamba ameshakufa. Haifiki hata dakika 80.

Tazama Vuta N'Kuvute. Riwaya ya Shafi Adam Shafi wengi tumeisoma, Denge na Yasmin tunawajua kama majirani zetu. Amil Shivji akaigeuza kuwa filamu, na mwaka 2021 ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto. Bado nakutana na walimu wa Kiswahili ambao hawajui kama ipo. Methali ijibu hilo.

Ukiniomba muvi, nitakuuliza kwanza nani watakaa sebuleni. Usikasirike, ndilo swali lenyewe. Una watoto, chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina: mtoto mgonjwa, Jo, anaota kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Ila kaa nao karibu, mwishoni watalia. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegal, 1973, ninaipenda kupita kiasi, lakini mwanzoni tu kuna machinjio na ng'ombe wanachinjwa kweli mbele ya kamera. Kuna nyumba nimeipeleka ikazimwa kabla ya dakika ya 10. Sijapata kanuni ya kunieleza mapema filamu gani itakaa na watu gani. Na mara nyingine najishuku: naipenda kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu ni mimi niliyeivumbua?

Swali jingine ni "imetafsiriwa?" Hilo silidharau. Mtu aliyetoka kazini amechoka, anakunja nguo huku anaangalia, hawezi kukimbizana na maandishi ya chini. Basi kaa naye umtafsirie.

Ndivyo nilivyofanya kwa shangazi yangu. Nilimwekea La Noire de... ya Msenegali Ousmane Sembène, ya 1966, nyeusi na nyeupe, ya saa moja hivi. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya, akahamia kwenye filamu ili awafikie watu wasiosoma. Humo binti, Diouana, anatoka Dakar kwenda Ufaransa akidhani atalea watoto, kumbe ni kupika na kudeki, amefungiwa ghorofani. Shangazi amewahi kufanya kazi za ndani Maskati. Mwanzoni alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani, ananisikiliza nusu nusu.

Ikafika barua. Mama yake Diouana, huko Dakar, amemwomba mtu amwandikie barua ya kumtumia binti yake: mbona kimya, mbona hutumi hela. Binti hajui kusoma, anasomewa na waajiri wake, na hao hao ndio wanaotaka kumwandikia majibu. Diouana anaichukua barua anaichana. Mimi nikaendelea kutafsiri, shangazi akanizuia kwa mkono wenye vumbi la mchele.

"Hapo usiseme kitu. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akaangalia mara tatu, sinia ameshaliweka chini. Tulipomaliza hakuniuliza kama filamu hiyo ni maarufu. Jumapili iliyofuata alikuja na wenzake wawili, nao wamewahi kukaa Uarabuni, wakavua viatu mlangoni, akaniambia nianze mwanzo, na tukifika kwenye barua ninyamaze.