Zima Mashine Mapema: Vitonge vya Tende na Njugu Visivyookwa

Haupiti muda mrefu kabla sijaletewa malalamiko yaleyale: vitonge vinatoa mafuta, vitonge havishikani, vitonge vimekuwa kama udongo wa mfinyanzi. Kabla ya kujibu huwa nauliza swali moja tu. Mashine ya kusagia uliiacha izunguke kwa muda gani? Na jibu, mara nyingi, ni lilelile: "Mpaka ikalainika kabisa."

Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na kazi yangu naipenda zaidi ninapokuwa jikoni na watu kuliko ninapowaandikia orodha ya makatazo. Vitonge hivi huvipendekeza kwa moyo mweupe. Havihitaji oveni wala ufundi mkubwa, na nusu saa inatosha. Ila vinahitaji mtu aelewe kinachotokea ndani ya ile mashine, kwa sababu kosa la kusaga kupita kiasi linagusa kila kitu: ladha, jinsi vinavyoshikana, vitadumu siku ngapi, na hata kalori ambazo mwili wako utazipata.

Nianze na gundi. Kinachoshika kitonge ni tende. Katika gramu 100 za tende, gramu 20 hivi ni maji, na gramu 63 hadi 66 ni sukari. Sukari yote hiyo imeyeyuka katika maji machache namna hiyo, kwa hiyo inakuwa nzito na yenye kunata kama asali. Tende za Medjool zina glukosi na fruktosi kwa wingi, sukari zinazoshikilia unyevu, ndiyo maana hubaki laini. Deglet Noor zina sukrosi nyingi zaidi na huwa kavu kidogo, kwa hiyo hizo hudai maji. Matunda mengine makavu yana tabia zake. Zabibu kavu zina maji machache kuliko tende na peke yake hazishiki vizuri. Aprikoti kavu na plamu kavu hukaribia asilimia 30 ya maji, hivyo ukizitumia badala ya tende bila kupunguza chochote utapata rojo. Plamu kavu pia zina sorbitoli, kitu kitamu cha jamii ya sukari ambacho tumbo hukifanyia kazi pole pole na ambacho huvuta maji; mtu mmoja akila vitonge sita vya plamu, choo kitamkumbusha.

Upande wa pili kuna njugu. Naposema njugu nakusudia lozi, korosho, karanga na zile zenye umbo la ubongo ambazo kamusi huziita jozi. Nusu ya uzito wa lozi ni mafuta. Kwenye jozi mafuta hufika gramu 65 katika kila 100. Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya seli, kila seli na ukuta wake. Ukikatakata lozi, seli zinazopasuka ni zile zilizo juu ya kipande tu. Ukiendelea kusaga, kuta zinapasuka moja baada ya nyingine, chuma kinapata moto, na mafuta yanamwagika. Yakishamwagika yanaipaka tende, na gundi iliyopakwa mafuta haina pa kushika. Ule mng'ao unaouona kiganjani unapofinyanga ndio huo.

Sasa tuingie kwenye lishe yenyewe, kwa sababu hapa kuta za seli zina habari nzuri. Mwaka 2012 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, akiwemo Janet Novotny, walipima ni nishati kiasi gani watu wanaipata wanapokula lozi nzima. Kwa gramu 28 walipata takriban kalori 129, ilhali hesabu ya kawaida ya vifurushi huonyesha karibu 170. Sehemu ya mafuta ilikuwa inapita tumboni ikiwa bado imefungwa kwenye seli zake. Baadaye timu hiyo ilipima lozi zilizosagwa kuwa siagi, na tofauti ikatoweka karibu yote. Lozi ni ileile, mdomo ni uleule, lakini kazi ambayo meno yangeifanya nusu mashine imeifanya yote.

Kwa tende pia kuna jambo kama hilo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile iliyomo kwenye asali, sharubati na juisi ya matunda. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi. Vipi kuhusu tende iliyosagwa? Uingereza wamechora mstari wazi: sukari ya tunda lililokaushwa si huru, lakini tunda likishapondwa kuwa rojo, sukari yake inahesabiwa huru. Wengine huona mstari huo ni mkali mno. Mimi naukubali, kwa sababu nimeona watu wakila rojo la tende kwa kijiko, kiasi ambacho wasingeweza kukila wakitafuna tende moja moja.

Kwa hiyo yale maneno "bila sukari" mnayoyaona yameandikwa juu ya picha za vitonge, tafadhali yaacheni. Sukari imo. Nimepiga hesabu ya kipimo ninachotumia mwenyewe: tende gramu 200 baada ya kutoa kokwa, lozi gramu 150, kakao gramu 20 na chumvi robo kijiko cha chai. Hapo unapata vitonge 18 vya gramu 20 hivi. Kimoja kina kalori 80, sukari gramu 7 na nusu, nyuzinyuzi gramu 2 na protini gramu 2. Gramu 7 na nusu za sukari ni karibu vijiko viwili vya chai. Mwenye kisukari ahesabu takriban gramu 10 za wanga kwa kila kitonge na asidanganywe na neno "asilia". Na protini gramu 2 si kitu cha kuvipa jina la "vitonge vya protini". Yai moja lina kama 6. Uzuri wa vitonge uko kwingine: nyuzinyuzi, potasiamu ya tende, vitamini E ya lozi, mafuta mazuri, na kwamba viwili vinakushibisha hadi mlo unaofuata.

Jinsi ninavyofanya.

Njugu nazikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika sita au saba, nikizigeuza muda wote. Naziondoa zinapoanza kunukia na kabla hazijabadilika sana rangi, kwa sababu huendelea kuiva zenyewe. Kisha nazitandaza kwenye sinia na kuziacha zipoe kabisa. Usiharakishe hapa. Njugu ya moto hutoa mafuta upesi sana, na mvuke wake huilowesha tende.

Zikipoa naziweka kwenye mashine peke yake. Nabofya na kuachia, nabofya na kuachia, mara nane hadi kumi, kila mara sekunde moja. Nataka vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, vichache viwe vikubwa zaidi. Vumbi kidogo litakuwepo na lina kazi yake, maana hunyonya unyevu wa tende. Nazimwaga kwenye bakuli.

Tende ndizo zinazofuata. Nazipasua moja moja kwa kidole hata kama mfuko umeandikwa kwamba kokwa zimetolewa. Kokwa moja iliyosahaulika inavunja jino au kisu cha mashine, na ndani ya tende wakati mwingine utakuta mdudu mkavu au unga mweusi wa ukungu. Hiyo tupa. Kama tende ni laini, siziloweki. Kama ni kavu, nazimwagia maji ya moto kwa dakika kumi, nazichuja, kisha nazikausha kwa kitambaa safi mpaka zisidondoshe tone. Nazisaga na kakao na chumvi. Hapa sikiliza mashine. Mwanzoni inapiga kelele za kugongagonga, halafu sauti inakuwa nzito, na ghafla unasikia bonge moja likipiga ukuta wa bakuli: du, du, du. Ukisikia hivyo, zima. Bonge hilo bado lina mabaka ya maganda ya tende, na ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Kuchanganya namaliza kwa mkono. Nalibomoa bonge juu ya njugu na kulikanda kama dakika mbili. Kisha nachukua kiasi cha kijiko, nakifumbata kwa nguvu na kufungua kiganja. Kitonge kizuri kinabaki na alama za vidole vyote vinne, kingo zake hazipasuki, na kiganja kinabaki kikavu, pengine na chembe mbili tatu. Kikipasuka, ongeza tende moja, au maji kijiko kimoja cha chai, si zaidi. Kikinata hadi kisitoke mkononi, ongeza njugu au ufuta. Kiganja kiking'aa kwa mafuta, umeshasaga kupita kiasi. Weka kwenye friji nusu saa mafuta yatulie, kisha viringisha, ila vitakuwa vizito. Mkono uliolowa maji kidogo huviringisha vizuri kuliko uliopakwa mafuta.

Ladha nyingine sitazimalizia hapa, kila mtu ana yake: maganda ya chungwa yaliyokunwa, iliki, mdalasini, tangawizi, nazi kavu. Chumvi tu usiiache. Bila chumvi utamu wa tende unakuwa bapa.

Lakini kuna jambo la usalama ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kisichookwa hakina moto wa mwisho wa kuua vijidudu. Kilichoingia nacho ndicho utakachokila. Salmonella, bakteria wa kuharisha, haizaliani kwenye chakula kikavu, ila inaweza kukaa humo hai kwa miezi. Marekani, mwaka 2008 na 2009, siagi ya karanga na bidhaa zilizotokana nayo ziliwafanya zaidi ya watu 700 waugue, na 9 wakafariki. Ndiyo sababu nyingine ya kukaanga njugu badala ya kuzitumia mbichi, na ya kunawa mikono kama mtu anayeandaa saladi. Ukiona mapishi yanayotaka unga mbichi wa ngano kwenye vitonge, usiyafuate, kwa sababu unga mbichi nao hubeba vijidudu. Oti za kawaida za kifurushi zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani, hizo hazina shida.

Kukaanga hakusaidii dhidi ya sumukuvu. Sumu hii ya ukungu wa Aspergillus ilifahamika baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula chenye mashudu ya karanga, na moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo chagua njugu kwa macho na kwa ulimi. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au uchungu, itoe. Usijaribu kuificha ndani ya kakao.

Aprikoti kavu zenye rangi ya chungwa inayong'aa zimetiwa salfa dioksidi, kemikali ya kulinda rangi. Zisizotiwa huwa za kahawia. Wengi hazina madhara kwao, lakini baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua, hao wachague za kahawia. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima wala vipande vikubwa, wanaweza kukabwa. Kwao peke yao nakubali mchanganyiko usagwe laini zaidi. Asali usimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa ajili ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaopooza misuli. Na ukivipeleka vitonge mahali penye watu wengi, waambie kabla hawajala njugu gani zimo, maana mzio wa njugu unaweza kuua.

Kuhifadhi nilijifunza kwa hasara. Siku moja nilitengeneza vitonge 60 kwa ajili ya semina. Tende zilikuwa ngumu, nikaziloweka usiku kucha, nikazisaga na maji yake, nikaviacha mezani kwenye boksi lililofungwa. Siku ya nne nilifungua nikakuta manyoya ya kijivu. Viliniuma sana, vyote 60 vikaenda kwenye pipa. Tende ikiwa katika hali yake ya kawaida, maji yake yameshikwa na sukari, hayako huru kwa vijidudu kuyatumia. Wataalamu hupima uhuru huo wa maji kwa kipimo cha 0 hadi 1: chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachoota, na bakteria wengi wa maradhi husimama karibu na 0.85. Tende huwa karibu na ule mpaka wa chini. Kila kijiko cha maji unachoongeza kinaisogeza mbali nao, na wa kwanza kufaidi ni ukungu.

Kwa hiyo vitonge ambavyo havikuongezwa maji naviacha mezani siku tatu nne, vingine vyote naviweka kwenye friji, hadi wiki mbili. Kwenye friza vinakaa miezi mitatu. Huvipanga kwanza kwenye sinia vigande, ndipo nivitie mfukoni visishikane. Vyenye jozi huviweka kwenye baridi tangu siku ya kwanza, kwa sababu mafuta yake huharibika haraka na kuleta harufu kama ya rangi ya ukutani. Baada ya wiki unaweza kuona madoa meupe juu ya kitonge. Yasugue kwa kidole: yakiwa magumu na yakayeyuka kwenye maji ya vuguvugu, ni sukari ya tende iliyoganda, kula. Yakiwa laini kama pamba, au yana harufu ya unyevunyevu, tupa boksi zima, si kile kimoja tu.