Dodoma hadi ng'ambo kwa ndege: yanayosemwa na yalivyo

"Gawa kilomita kwa mwendo wa ndege, saa umezipata."
Dodoma hadi Dar es Salaam kwa mstari wa angani ni kama kilomita 390. Ukigawa kwa 900, mwendo wa ndege kubwa ikishafika juu, unapata chini ya nusu saa. Ratiba lakini huandika kama saa nzima. Muda wake huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa kule iendako, na safari ikiwa fupi, kupanda na kushuka ndiko kunakokula dakika. Jumlisha kuwahi uwanjani na kungoja mizigo, kisha linganisha na treni ya SGR ya saa tatu na nusu hivi. Mimi huchagua treni.

"Ndege za ng'ambo zikianzia Msalato, uwanja mpya wa Dodoma, Ulaya itakuwa jirani."
Dodoma hadi London ni takriban kilomita 7,300. Kutoka Dar ni 7,500. Tofauti hiyo ni robo saa tu ya ndege. Kinachommaliza abiria wa Dodoma ni kwenda kwanza mashariki, kukaa Dar, kisha kukaa tena Dubai au Addis Ababa akingoja ndege ya pili. Uwanja mpya peke yake haufuti kungoja huko. Mpaka shirika likubali kuruka bila kuunganisha.

"Rubani hufuata mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani."
Ramani hiyo imeibana dunia iwe bapa. Nyoosha uzi juu ya mpira uliochorwa ramani ya dunia, kutoka Dubai hadi Los Angeles, uone unavyopanda kuelekea Aktiki. Ndiyo njia fupi, kama kilomita 13,400.

"Kwenda na kurudi ni muda uleule."
Si lazima. London hadi New York huchukua kama saa nane, kurudi kama saba, kwa sababu ya upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi. Wapo wanaosema ni dunia inayozunguka chini ya ndege. Hapana, hewa nayo huzunguka pamoja na dunia.

"Kuondoka Dar 17:00, kufika Dubai 23:30: saa sita na nusu."
Tiketi huandika saa za mahali husika. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo utakaa ndani ya ndege saa tano na nusu.

Hatari zaidi ni tarehe. Tiketi ikisema Jumamosi 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumamosi. Anayesoma "Jumamosi usiku" atafunga begi huku kiti chake kimeshafika Dubai kitupu. Kwa tiketi hiyo, treni ya kutoka Dodoma ni ya Ijumaa, tena ya mapema.